Herufi Zako Nene, Mzee Ochola

Mzee Ochola,

Ni mimi Akinyi, mwanafunzi wako wa Otonglo. Tangu tukuzike nimeshika kalamu mara tatu, na mara tatu nimeshindwa.

Nianze na lile linaloniuma. Miezi michache kabla ugonjwa haujakulaza, ulikuja dukani kwangu Nyamasaria ukiwa umevaa koti lako la kanisani. Ulitaka kuona mashine yangu ya kuchapisha mabango. Wewe ulikuwa umenifundisha kwa brashi, miaka sita: herufi nene, kila moja na miguu yake ya mraba, mizito kama mwili wenyewe. Uliniambia herufi isimame kama mtu aliyevaa gumbuti matopeni. Uliziandika kwenye vinu vya posho, maboti, maduka ya mbao. Mtu akikuletea maneno mengi, ulikataa. "Hizi ni za kuita watu, nyathina, mwanangu, si za kupiga nao hadithi."

Siku hiyo uliinamia kompyuta, ukauliza, "Na herufi zangu ziko humu?"

Nikacheka, mbele ya wateja. "Mzee, hizo zimepitwa na wakati. Siku hizi watu wanataka nyembamba."

Ukasifu rangi ya ukuta, ukaenda zako. Sikukusindikiza hata hadi barabarani.

Na zilikuwemo, Mzee. Ni mimi tu sikuwa nimezitafuta.

Ulipotuacha, mimi ndiye niliyechapisha bango la mazishi. Nikaweka hizo nyembamba, zenye mikia mizuri. Kule kwako Bondo tukalifunga kwenye hema, na walioketi nyuma hawakuweza kusoma jina lako. Mzee mmoja mgeni akamwuliza jirani yake, "Hapa ni kwa Ochola, ama nimepotea?" Nilikuwa nyuma yake. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Wiki iliyofuata nilizitafuta zile nene kwenye kompyuta, nikazipata. Zinakaribia zako, ila mguu wa R yako ulikuwa na maringo zaidi. Mama mmoja anayeuza samaki nilimwandikia kibao nazo, akaniambia anakisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Nilimweleza ni nani aliyenifundisha.

Jumamosi iliyopita nilienda kwa Mama, mkeo, na brashi. Msalaba wa kaburi lako ulikuwa bado mtupu, nikaandika jina lako. Mkono umesahau, Mzee. Sikupima vizuri, na A ya mwisho ikabanwa pembeni. Nikamwambia Mama nitafuta nianze upya. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akalisoma jina lako polepole, kisha akasema, "Wacha hivyo. Hata yeye alikuwa akiishiwa na nafasi."

Tukacheka, halafu tukalia.

Sikukuomba msamaha ukiwa hai. Naomba sasa, najua nimechelewa. Jua la huku na mvua havitaiacha rangi ile ikae. Kila ikififia nitakuja kuipaka tena, mimi mwenyewe, wala sitamtuma mtu.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu. Pumzika.

Akinyi