Msichana Asiye na Uso

Jumatatu, 8 Septemba
Kivuli kwanza, msichana baadaye. Ndivyo ninavyoanza kila asubuhi. Picha kumi na mbili kwa sekunde. Kwa dakika, mia saba na ishirini. Zote kwa mkono wangu. Filamu ya katuni ya msichana anayekua. Ni dada yangu Mwanamisi, ila yeye hakuwahi kukua. Alifariki ana miaka kumi na mitatu, hapa hapa Msambweni.

Simchori uso. Tangu utotoni Mama hunikataza: "Siku ya Kiyama utaambiwa ulichokichora ukitie roho." Basi huzuni naitia kwenye kivuli na kwenye rangi. Akiogopa, leso yake inapauka.

Jumanne, 9 Septemba
Kevo, mtayarishaji wa Nairobi, amekuja kutoka hotelini kwake Galu. "Madam, watu watajuaje ako na huzuni na hana macho?"

Nikamwonyesha pale msichana amesimama wima, kivuli chake peke yake kinakaa chini. Akaomba nizime feni, anasikia baridi. Kisha akasema anataka uso Ijumaa hii. La sivyo kazi anampa mwingine.

Nimejifundisha kuchora kwa simu ya kioo kilichopasuka. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nitishwe!

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemtia uso. Macho wazi, mdomo unatabasamu. Nikaichezesha. Macho yamefumba.

Nikafuta, nikachora upya. Yamefumba tena. Nikakagua picha moja moja: zote wazi. Zikienda pamoja, amelala.

Nimeogopa. Hatuna picha yake hata moja. Uso nilio nao kichwani ni ule niliofunuliwa kwenye sanda, nimuage. Kumbe kuacha uso si kumtii Mama. Namkwepa Mwanamisi.

Ijumaa, 12 Septemba
Uso nimeufuta. Nimempelekea Kevo filamu hivyo hivyo, bila uso. Kazi ampe amtakaye. Mwanamisi simtoi.

Baada ya swala nikafunga mapazia, nikamwekea Mama filamu ukutani kwa projekta. Amekaa mkekani. Msichana anakwenda zake, mgongo kwetu. Kivuli kinakuja huku, kinazidi kurefuka.

"Mwanamisi huyo," Mama akasema. "Mwone anavyoburuta mguu, kama zamani."

Kivuli kilipofika chini ya ukuta, akakunja miguu, akakipisha.