Hai au Marehemu

Jumatano. Joto tangu asubuhi, na hapa Kipungani hata jani halitikisiki.

Leo mzee wa ndoa alikuja nyumbani kuandika karatasi za binti yangu, Mwanaisha, anayeolewa wiki ijayo. Nilitandika mkeka mpya, nikapika kahawa, nikajiapia kwamba sitalia.

Alipofika kwenye jina la baba nikamtajia: Athmani. Akainua kalamu.

"Hai au marehemu?"

Miaka minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, uso kwa uso. Mume wangu alitoka Mokowe na lori la bidhaa, watu wenye bunduki wakalisimamisha njiani. Lori lilipatikana, milango wazi. Yeye hakupatikana, si mzima si maiti. Nilizunguka vituo vya polisi na hospitali mpaka askari wakanijua kwa jina. Eda sikukaa; nimkalie nani? Lakini arusini sijifukizi udi, naogopa macho ya watu.

Si mjane, si mke.

Acha niseme kweli. Neno "marehemu" lilikuwa limeshafika ulimini.

Si kwamba nina habari yoyote. Nimechoka tu. Nilitaka mtu aliandike, nimlilie mume wangu kama wenzangu wanavyowalilia wao, halafu nipumzike.

Mavyaa wangu, Bi Fatuma, aliyemzaa Athmani, akanitangulia.

"Andika yu ndiani, yuaja. Mwanangu mimi sijamzika."

Mzee akanitazama. Nikainamisha kichwa. Akaandika kwamba hajulikani alipo, na kwamba ami yake Mwanaisha ndiye atakayesimama walii, amwoze. Mwanaisha alitia sahihi bila kutazama mtu.

Nilimchukia Bi Fatuma. Nilimchukia muda wote nilipokuwa nikiosha vikombe, nikivigonganisha makusudi asikie.

Akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, mtandio umemwanguka mabegani, hakuuokota.

"Nimeliona neno lako, mwanangu," akasema. "Sikulaumu. Lakini ningoje nife kwanza, ndipo ulitamke."

Nilikaa chini nikamkanda miguu, na sote wawili tukalia, kila mtu kivyake.

Baada ya swala ya magharibi nilimwombea Bi Fatuma umri mrefu, kama ninavyomwombea kila siku. Katikati ya dua ulimi ukasita.

Ee Mola, ni kitu gani hasa ninachokuomba?