Neno Moja Lililokubakia

Tata,

Shikamoo, baba yangu, ingawa najua hakuna wa kuniambia marahaba. Tangu tukuzike, Mama hataki mtu mwingine aguse majani makavu ya migomba. Anasema sisi wanawe tunaitesa. Kiti chako bado kiko barazani. Hata wageni hawakikalii.

Juzi nilifundisha ubongo, hapa shuleni Kituntu. Nilichora kichwa ubaoni nikaanzia kisogoni, panapohusika na kuona. Chini yake ubongo mdogo, unaotupa mizani tusianguke. Kisha shina la ubongo, linaloshika pumzi na mapigo ya moyo hata tukilala. Nyuma ya paji la uso, ndiko tunakopanga mambo na kuzuia hasira. Nikafika upande wa kushoto, sehemu ya mbele inayotunga usemi, nikashusha chaki. Hapo ndipo kiharusi kilipokupiga, Tata.

Wewe, msemaji kuliko redio, ukabaki na neno moja: kahawa. Ukitaka maji, kahawa. Ukitaka fimbo, kahawa. Na sisi, kwa adabu zetu za Karagwe, tukawa tunakutilia kiganjani kahawa ya kutafuna, kama mgeni aliyekuja kututembelea. Ulikuwa unaitupa chini kwa hasira. Lakini kanisani uliimba beti nzima bila kukosea, maana wimbo una njia yake nyingine kichwani. Majirani wakasema mzee anatuzuga. Baba mdogo yeye alisema akili zimekwisha, humtambui hata binti yako. Nilimwamini. Nililia sana.

Nikaendelea kuchora. Nyuma ya sehemu ile, karibu na sikio, ndipo tunapoelewa maneno. Daktari alituambia, nasi hatukuzingatia, kwamba kwako pale palikuwa pazima. Basi ulikuwa unatusikia na kutuelewa sote. Na ile kahawa uliyoitamka kila nilipopita mlangoni, umenyoosha mkono wa kushoto, unanitazama mimi, hutazami kahawa niliyoishika...

Lilikuwa jina langu.

Niliwapa wanafunzi kazi ya kunakili, nikasimama dirishani mpaka kengele ikalia. Nina hamu nawe, Tata. Natamani sauti yako, hata kwa neno hilo hilo.

Pumzika sasa. Naahidi sitakutilia tena kahawa kiganjani. Wewe niite tu kahawa, nami nitaitika: abee, Tata.