Watoto Wawili Kwenye Fomu

Jumamosi, Mkuza

Wawili. Ndivyo nilivyojaza kwenye fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, nikihesabu watoto wanaolala humu ndani. Binti yangu Zuhura sikumwandika. Alipoacha kunyonya nilimpeleka Mzenga akalelewe na mama, kama nilivyolelewa mimi na bibi, na mpaka leo ananiita dada.

Sasa tumeitwa kwenye usaili, na wanataka vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, hata wasiosafiri. Nikimtaja, wataniuliza kwa nini nilimwacha nje ya fomu, na sote tunaweza kukosa.

Leo nimekwenda Mzenga kumweleza mama. "Sema ni mdogo wako," akanijibu huku anachambua mchicha. "Nani atajua?"

Kinachoniudhi ni kwamba nilifarijika.

Cheti chake ninacho, na kwenye nafasi ya mama kuna jina langu. Nimekificha chini ya godoro.

Nilipoaga, Zuhura alinisindikiza hadi barabarani, akanipa kimfuko cha korosho. "Dada, hizi za watoto wako."

Miaka tisa nimekuwa nikimwita kwa jina lake tu. Leo nimemwambia, "Ahsante, mdogo wangu."