Jua la Makopa

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wa Kitaya hatujambo, alhamdulillahi. Mjomba wako kafunga sola, ila siku ya mawingu taa huzimika kabla ya Isha.

Unauliza kama jua na upepo vitatosheleza umeme wa dunia nzima. Mwanangu, nina wasiwasi.

Nilipokuwa msichana tulianika makopa, ile mihogo mikavu ya kula masika yote. Nusu yake mama aliipandisha darini, penye moshi wa jiko. Jirani yetu Mama Saidi akamcheka: "Mwenzangu, hulijui jua?"

"Jua nalijua," mama akajibu. "Wingu ndilo silijui."

Mvua ikawahi, ikakaa siku nyingi. Makopa ya Mama Saidi yakaota kuvu uani. Akaja na ungo mtupu. Mama akamjazia, akasema, "Mwakani tutakusaidia kujenga dari."

Jua ni neema ya Mungu, silitilii shaka. Wanaoapa kwamba litatosha ndio nawatilia shaka. Ukiwakuta huko chuoni usibishane nao. Waulize tu kwa adabu dari yao iko wapi, na kama inatosha masika yote.

Bibi yako, anayekutaja kila sijda.