Asali ya Maua ya Mlimau

Awendo,
16 Septemba 1996.

Kwa Baba mpendwa, Mzee Bichage,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi binti yako, Nyasuguta. Je, kifua kinaendeleaje huko Macalder kwa kaka yangu Okari? Vumbi la machimbo halikusumbui? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Edinah ameota meno mawili, na malori ya miwa yanapita mchana kutwa. Mwili wangu hauna neno.

Baba, ni miezi mitatu tangu uondoke na sijakuandikia. Nimekuwa nikisingizia kazi ya duka, lakini ukweli ni kwamba naona aibu. Hata sasa kalamu ikiwa mkononi naona aibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikohoa ulipokuja kukaa kwangu baada ya Mama kufariki. Bhoke, yule mama anayeniletea asali kutoka Kehancha, alinifundisha kuloweka maua ya mlimau ndani ya asali. Alisisitiza mambo mawili: maua yaanikwe kivulini hadi yavunjike yakiguswa, na asali isiguswe na tone la maji. Nikamwambia nimeelewa. Unanijua, mimi huelewa kabla mtu hajamaliza kusema.

Nilichuma maua Jumatano. Ijumaa jioni yalikuwa bado na unyevu, na jua lilikuwa linazama. Sikutaka Sabato iingie kazi ikiwa mezani, akina mama wa kanisa waje wakute vile, nami ndiye mwalimu wa darasa lao la Biblia. Basi nikayashindilia kwenye chupa kubwa hivyo hivyo, nikamimina asali, na ilipokataa kuyafunika nikaongeza kikombe cha maji. Nikakaza kifuniko, nikaenda kuimba nyimbo za kufungua Sabato kwa moyo mweupe kabisa.

Baada ya wiki mbili nikaanza kukupa. Mafua yalikuwa yamekuziba pua, ukasema huisikii harufu yake lakini inatuliza kikohozi, ukaomba kikombe asubuhi na kikombe jioni. Nilijisifu kwa kila mteja. Povu lilipoanza kupanda nililiengua kwa kijiko, nikajiambia ni maua tu.

Sabato ile uliyoitwa kuomba mbele ya kanisa, Mzee Mochama alisimama karibu nawe akasikia harufu ya pombe. Kwa mtu mwingine wangeuliza kwanza. Kwako wewe, ambaye kila mtu anajua ulivyokunywa kabla ya ubatizo, hawakuwa na shaka. Kesho yake wakaja nyumbani wazee watatu. Uliwaambia kwamba kwa miaka tisa hujanunua wala kuomba pombe. Ndipo Mzee Mochama akanigeukia, akauliza kama nimewahi kukuona ukinywa. Nikajibu kwamba sijui unakokwenda mchana, kwa kuwa mimi hushinda dukani.

Baba, nilijua. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeionja asali, ikaniuma ulimi. Ilikuwa pombe kamili. Chupa ilikuwa kabatini, nyuma ya kiti alichokalia Mzee Mochama. Nikafikiria darasa langu, nikafikiria akina mama watakavyocheka kwamba Nyasuguta anapika pombe, nikakuuza. Uliniangalia kidogo tu, ukainuka kwenda kufunga mzigo wako. Walipofuta jina lako kanisani hukuwepo hata kujitetea, nami nilikaa kwenye benchi nikiinamisha kichwa pamoja na wengine.

Juzi Sabato nilisimama mbele na ile chupa nikasema yote. Jina lako limerudishwa, na mimi wamenivua ualimu wa darasa. Nilidhani sasa moyo utatulia. Lakini jana Okari alipita hapa akaniambia kwamba siku ile, nilipokwepa macho yako, ulielewa ni asali. Alikuuliza kwa nini hukuwaambia wazee, ukamjibu kwamba hukuweza kumwaibisha mwanao mbele ya wageni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tata, baba yangu, nitakuja Jumapili kukupigia magoti. Usiniambie kwamba yameisha. Nataka mara hii uyaseme yote niliyokutendea, na wageni wakiwepo.

Wasalimie Okari na mkewe. Edinah anakupungia mkono.

Ni mimi binti yako,
Nyasuguta.