Siku Nyapara Aliponibebea Begi

Kendi mjukuu wangu,

Huku Kiirua tuko salama. Waru tumeshavuna, viazi vimejaa jikoni, na nyanya yako anasema umekonda, ingawa amekuona kwenye simu tu.

Umeniuliza utaachaje kazi ya benki uende kujifunza kuoka mikate, na bosi mwenyewe ni mkali. Eti unataka kuzima simu upotee. Ngoja kwanza.

Kabla sijawa fundi cherehani, nilikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano kule Timau. Nyapara wetu hakuwa na salamu, alikuwa na kelele tu. Wenzangu wakichoka walitoroka, trekta linabaki katikati ya shamba. Hata mimi nilitamani. Lakini nilimwendea nikamwambia naenda kushona nguo, ila nitamaliza kupanda kwanza. Alicheka sana. Nikamaliza. Nikamwonyesha dereva mpya mahali pa kuegesha trekta jioni, pale mteremkoni, maana kwa baridi ya Timau injini haiwaki asubuhi mpaka trekta literemke kidogo.

Siku ya kuondoka, nyapara alichukua begi langu, akanisindikiza hadi barabarani, vile sisi Wameru humsindikiza mgeni tunayetaka arudi. Hapo ndipo aliponiuliza, "Na suruali utanishonea?"

Mwambie bosi wako mapema, Kendi, na umwachie kazi ikiwa safi. Siku ya mwisho usitoke mbio. Mpe mtu nafasi ya kukubebea begi.

Ni mimi babu yako, na cherehani bado inalia.